Miaka Mia na Saba ya Mzee Isidori

Sajenti Melkiadi alikuwa amejiapiza njia nzima kutoka Mpanda kwamba hatakumbuka kitu. Amekuja kazini. Kuna jalada, kuna mtuhumiwa, kuna vichupa kumi na viwili vya damu vilivyopotea, na amri ya mkuu wa kituo ilikuwa fupi: mlete huyo nesi leo leo. Lakini Landrova ilipoinama kwenye mteremko wa mwisho, ziwa likajitandaza lote pale chini na harufu ya dagaa wa kuanikwa ikaingia dirishani bila hodi, kiapo chote kikaisha. Miaka thelathini na miwili, jamani. Aliondoka Kalimba mwaka wa sitini na nne, mtoto wa miaka tisa juu ya lori la chumvi, baba yake amepata kazi ya reli Mpanda, na hakuwahi kurudi hata kwa msiba.

Kijiji kilikuwa kimepungua, au yeye ndiye aliyeongezeka. Ile mipera ya masista, ambayo zamani ilikuwa msitu mzima wa kujificha ukishaiba, ilikuwa miti mitano tu, tena midogo. Alitamani kushuka achume pera moja. Badala yake akavaa kofia na kumwambia dereva aegeshe mbele ya zahanati, na awe tayari kuondoka saa kumi.

Mlalamikaji alikuwa anamsubiri barazani. Aliitwa Dakta Arcade, mtafiti, mtu wa miaka thelathini na minne hivi, shati jeupe limepigwa pasi hata huku. Alizaliwa Burundi, akavushwa mpaka na mama yake mwaka wa sabini na mbili, akakulia makazi ya wakimbizi ya Katumba, akasoma kwa akili zake mwenyewe mpaka Ulaya. Sasa alikuwa amerudi na kitu kinachoitwa Mradi wa Maisha Marefu. Kiswahili chake kilikuwa bado cha Katumba, na Melkiadi akampenda mara moja, jambo ambalo askari hatakiwi kulifanya.

Dakta alieleza kwa utulivu, kama mwalimu. Uzee ni ugonjwa kama malaria, alisema, ila huu tumeuzoea mpaka tunauita heshima. Ndani ya damu ya wale wachache walioishi sana kuna siri, na siri hiyo ikishafumbuliwa, mtoto atakayezaliwa leo Kalimba anaweza kuishi miaka mia na hamsini. Aliwatafuta watu wa namna hiyo Majimoto, akawatafuta Kapalamsenga, hakuna. Mpaka akampata hapa Mzee Isidori, mwenye cheti cha ubatizo cha mwaka 1889. Miaka mia na saba.

"Nimempima mwenyewe, Afande. Moyo, mapafu, macho. Mwili ule ni wa mtu wa miaka sabini na mitano. Unaelewa maana yake?"

Melkiadi aliandika sabini na tano kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake, hata hakujua kwa nini. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa la kipolisi: baba wa mtu akiishi miaka mia na hamsini, huyo mtoto shamba atarithi lini? Dakta akacheka, akasema hilo ni la wanasiasa, yeye kazi yake ni damu.

Damu yenyewe ilitolewa Jumatatu, ikawekwa kwenye friji la mafuta ya taa mle zahanati. Jumatano asubuhi Dakta alikwenda kuichukua ili awahi meli ya Kigoma pale Karema, akakuta rafu tupu. Kufuli zima, halina mkwaruzo. Funguo ni mbili: mmoja anao yeye, mwingine anao nesi, Scolastica. Na nesi huyo alipoulizwa akanyamaza kimya. Basi katibu mtendaji wa kijiji akaita mgambo, wakamfungia kwenye ghala la ushirika, na leo Ijumaa bado yumo humo.

Melkiadi aliomba kuliona friji. Lilikuwa safi. Juu yake zilipangwa pakiti sita za barafu, zile za plastiki za kubebea chanjo, kavu, vumbi limeanza kuzikalia. Aliuliza, kama mtu anayepoteza muda, damu inasafirije mpaka Kigoma isioze. Dakta akamwonyesha kasha, akaeleza kwamba pakiti lazima zigandishwe siku nzima kabla ya safari. Bila hivyo damu inaharibika hata bandari ya Ikola haijafika.

Ukutani palining'inia daftari la friji. Huyu Scolastica alikuwa na mwandiko wa kusoma ukiwa umesimama mlangoni, na aliandika kila kitu, mpaka utambi ulipobadilishwa. Mwezi wa tatu, Dakta aliposafirisha damu ya wazee wengine: pakiti sita zimeingizwa kwa agizo la Dakta, siku moja kabla. Mwezi wa sita, vilevile. Jumanne ya wiki hii: joto asubuhi, joto jioni, basi. Melkiadi alilirudisha daftari kwenye msumari wake.

Katibu mtendaji naye alikuwa na mtu wake wa kumchongea. Alimvuta Sajenti pembeni ya ukuta akamnong'oneza kwamba kijijini watu hawakuupenda mchezo wa kutolewa damu, ilishasemwa inauzwa, na mvuvi mmoja, Dieudonne, aliapa mbele za watu kwamba vile vichupa atavipasua. Ushahidi wa namna hiyo ni mtamu kama asali, unataka kuulamba papo hapo. Melkiadi alishuka ufukweni, akamkuta Dieudonne anashona wavu, akamwuliza alikuwa wapi tangu Jumatatu.

"Kapalamsenga, namzika mama mkwe wangu. Muulizeni padri aliyemzika." Hakuinua macho kwenye wavu. "Nilisema nitavipasua, ndiyo. Sikusema nitaviiba. Damu ya watu nikaifanyie nini mimi?"

Jibu lilikuwa na akili. Wanawake wawili waliokuwa wakianika dagaa jirani wakaitikia kwamba walikuwa naye huko huko msibani, na wali ulikuwa mbichi. Melkiadi akamfuta kwenye orodha ya washukiwa.

Ghala la ushirika lilikuwa na joto la kuivisha mkate. Scolastica alikuwa ameketi juu ya gunia tupu, gauni lake jeupe la kazi lina siku tatu mwilini, lakini alisimama, akapiga goti kidogo, akatoa shikamoo. Mwanamke wa miaka ishirini na minane, watoto wawili, kazi miaka mitano bila doa. Alijibu kila alichoulizwa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, hakumpa mtu. Jumatano aliamka akakuta kelele tayari zimeanza. Jumanne jioni je? Jumanne jioni Dakta alirudi kutoka Karema, akasimama mlangoni akamwuliza swali moja, kisha akaenda zake.

"Swali gani?"

Hapo akanyamaza.

Melkiadi alikaa chini, akavua kofia, akamweleza bila kumtisha, maana alichokuwa anaeleza kilitisha chenyewe. Leo saa kumi anapanda Landrova. Mpanda atalala mahabusu, halafu mahakamani, na hakimu hatapenda mtu asiyejibu. Kazi itakuwa imekwenda. Watoto watabaki na nani? Scolastica alilia bila sauti, akafuta machozi kwa upindo wa gauni.

"Afande, kuna neno mtu wa ukoo wetu halitamki. Nikilitamka nitakuwa nimeua. Nipeleke tu."

Alitoka pale na hasira ambayo hakujua amwelekezee nani. Katibu mtendaji alimjulisha kwamba huyo nesi ni mjukuu wa yule Mzee Isidori mwenyewe. Basi, tumwone mzee.

Nyumba ilikuwa pale pale, juu kidogo ya njia iendayo ziwani, na Melkiadi aliitambua kabla ya kuonyeshwa. Mzee alikuwa kivulini mwa banda la kuku, anasuka tenga la samaki, mkono wa kulia una bangili ya shaba iliyosagika ikawa nyembamba. Mkewe, Bibi Josefina, alikuwa anapepeta mchele. Melkiadi akainama akatoa shikamoo, akaitikiwa, akaulizwa yeye mtoto wa nani. Alipojitaja, mzee aliweka tenga chini.

"Wewe si ndiye niliyekubeba mabegani toka ziwani? Ulichomwa na mfupa wa samaki hapa, kisiginoni. Ukalia mpaka kengele ya misheni ikanyamaza."

Sajenti wa polisi, mtu wa miaka arobaini na mmoja, akaona macho yanamsaliti. Alikuwa amesahau mfupa. Sasa vyote vilirudi kwa pamoja: bega lililonuka moshi na jasho, mbio kwenye ule mwinuko, na usiku wa masimulizi ambapo watoto wote wa Kalimba walikaa miguuni pa Isidori. Akawaomba, kama zamani, asimuliwe tena. Mzee hakujivunga. Alisimulia jinsi alivyobeba mawe ya kanisa na mapadri wa kwanza, jinsi alivyowaona Wajerumani wakishusha sanduku la bendera, jinsi ndui ilivyopita akabaki yeye na dada yake. Nilibeba, nilikuwepo, niliona. Bibi Josefina alitikisa kichwa kila penye sifa na kusahihisha kila penye uongo kidogo, kama wanawake wote walioolewa siku nyingi.

Melkiadi alimaliza uji aliopewa, akaaga. Alikuwa amefika karibu na barabara mguu uliposimama wenyewe.

Mwaka wa sitini na tatu ndio aliochomwa na mfupa. Alikuwa na miaka minane, mnene, mtoto wa kulishwa mihogo. Isidori alimbeba akapanda naye mwinuko ule mbio, bila kupumzika, na jioni hiyohiyo akaenda kuvuta wavu. Kama alibatizwa mtoto mwaka 1889, siku ile alikuwa na miaka sabini na minne. Kwa mtoto kila mwenye ndevu ni mzee, sawa. Lakini ndevu alizozishika siku ile asianguke zilikuwa nyeusi tii. Zilikuwa ndevu za mtu wa miaka arobaini.

Akafungua daftari lake kutazama ule mstari alioupiga asubuhi. Arobaini na thelathini na mitatu. Vipimo vya Dakta havikuwa na kosa lolote.

Karema ni dakika ishirini kwa gari. Katekista Elia, mtunza vitabu vya parokia, alikuwa mtu mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alishangaa kuombwa daftari la zamani. Wewe wa pili wiki hii, alisema. Nani wa kwanza? Yule Dakta wa damu, Jumanne, alikaa nalo mchana kutwa. Melkiadi akauliza kama Dakta alisema anatafuta nini. Alisema anataka kuona tu, kwa furaha yake, jina la rafiki yake mzee. Alipotoka hakuaga.

Ukurasa ulikuwa wa rangi ya chai. Isidori, amebatizwa mtoto mchanga, 1889. Na pembeni, kwa wino mwingine na mkono mwingine: amefariki, amezikwa, 1944. Yule mzee aliyemwitikia shikamoo saa mbili zilizopita ni nani, basi?

Elia hakujibu kwa mdomo. Alifunua kurasa nyingi mbele, akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa mwaka 1922. Mjukuu wa Isidori, mtoto wa binti yake. Cletus. Hakuna ndoa, hakuna mazishi. Mtu aliyebatizwa, halafu akayeyuka.

"Jina hilo mimi nalisoma kwa macho tu," alisema Elia kwa sauti ya chini. "Na mimi si wa ukoo wao."

Halafu akamweleza, na alieleza kwa heshima. Kwenye ukoo ule mtu mkubwa akifa haachwi aende. Huchaguliwa mmoja wa wajukuu, anavishwa bangili ya marehemu, anapewa jina lake, jembe lake, ugomvi wake na ahadi zake. Kuanzia asubuhi hiyo aliyekufa ni mjukuu. Wanamlilia mjukuu siku moja, wanamaliza. Yule mkubwa yupo. Ukimwuliza alibatizwa lini atakujibu 1889, tena bila kupepesa jicho, maana Isidori alibatizwa 1889, na cheti anacho. Watu wa Kalimba wanalijua hilo kama wanavyojua njia ya ziwani. Hakuna aliyemdanganya Dakta. Hakuna aliyefikiri kwamba anauliza kitu kingine.

"Na hilo jina la zamani?"

"Likitajwa kwa mdomo na mtu wa ukoo, huyo mkubwa amekufa. Sasa kweli. Wanaweka matanga. Na jina lake halipewi mtu tena, milele." Elia alifunga daftari kwa viganja viwili. "Nimeliona mara moja tu, kwa ukoo huohuo, Sajenti. Sitaki kuliona tena."

Melkiadi alimwambia dereva arudi Kalimba. Alijua sasa swali la Jumanne jioni lilikuwa nini, na kwa nini mwanamke yule alichagua ghala. Alijua pia kwamba kujua hakutoshi.

Nyuma ya zahanati palikuwa na shimo la kuchomea taka. Alichukua mti akachokoa majivu, akapata vipande vya vioo vyembamba na vifuniko vya mpira vyekundu, vilivyoungua nusu. Alivihesabu tisa; vingine vilikuwa vimegandana. Akaviweka kwenye bahasha, akaandika saa na mahali. Lakini shimo halisemi nani aliwasha kiberiti.

Dakta Arcade alizitazama zile bahasha kwa uso wa huzuni ya heshima, akasema inasikitisha, kumbe nesi alivichoma. Melkiadi akamwuliza kwa nini Jumanne hakuagiza pakiti za barafu zigandishwe, na safari ni kesho yake. Alisahau. Mtu aliyeeleza asubuhi kwamba bila barafu damu inaoza kabla ya Ikola, akasahau? Watu husahau, Afande. Na kitabu cha Karema?

"Kitabu kile kina akina Isidori wengi," Dakta alisema. Sasa sauti ilikuwa imekaza. "Aliyekufa arobaini na nne ni mwingine. Mzee wangu ana miaka mia na saba na cheti chake kipo. Kuna mtu yeyote hapa Kalimba atakayesimama aseme vinginevyo? Mlete."

Hakujua alichokuwa anakisema. Hilo Melkiadi alilisadiki hata baadaye. Lakini alikuwa amesema kweli: bila mtu huyo, jalada lina kufuli zima, funguo mbili na nesi aliyenyamaza, na Dakta anapanda meli ijayo. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

Alisimama kwenye njia ya ziwani muda mrefu kuliko ilivyompasa. Kwa mara ya kwanza tangu avae magwanda alitamani kesi imshinde. Angeweza kumwacha mzee asuke matenga yake, watoto wa leo wakae miguuni pake wasikie habari za mapadri wa kwanza kutoka kwa mtu aliyekuwepo. Gharama yake ni Scolastica. Alipofika bandani hakuomba chochote. Alisema tu kwamba saa kumi anaondoka na mjukuu wao, na kwamba Jumanne Dakta alimwuliza swali ambalo hawezi kulirudia.

Mzee alinyanyuka, akakung'uta mapaja. Bibi Josefina aliacha ungo. Hawakushauriana hata neno. Waliongozana mpaka zahanati, yeye mbele, mkewe hatua tatu nyuma, na watu waliokuwa njiani walipowaona wakaanza kuwafuata.

Scolastica aliletwa na mgambo. Melkiadi aliweka meza barazani, karatasi ya maelezo ya shahidi, kalamu. Dakta Arcade alikuwa amesimama mlangoni.

"Babu," alisema Sajenti, "nikishaandika haifutiki."

"Najua. Mimi si mtoto." Mzee aliketi. Alimtazama Scolastica, naye akaziba uso. "Haya, andika. Isidori alikuwa babu yangu. Amekufa. Mimi ni Cletus, nimezaliwa mwaka wa ishirini na mbili."

Hapakuwa na kishindo. Ndege aliendelea kulia bondeni. Ila watu waliokuwa wamesimama uani walikaa chini wote, mmoja baada ya mwingine, na Bibi Josefina akafungua kilemba chake, akakitandika chini, akakalia hapo.

Baada ya hapo hapakuwa na cha kufichwa tena, na Scolastica akazungumza haraka haraka, kama mtu anayetua mzigo wenye miiba. Jumanne jioni Dakta alisimama pale mlangoni akamwuliza: Cletus ni nani? Hakumjibu. Akamwuliza tena, na akasema basi nimekwisha, akachukua kiberiti cha mezani kwake akaenda zake. Kiberiti hakikurudi.

Melkiadi alimgeukia Dakta. Aliandaa maswali, lakini hayakuhitajika. Arcade alikuwa amekaa kwenye ngazi, shati lake jeupe limegusa vumbi. Alisema barua ilikwisha kwenda kwa wafadhili, mtu wa miaka mia na saba amepatikana, na wao wakatangaza. Damu ingefika maabara, na kule wana njia ya kukadiria miaka aliyoishi mtu. Wangemwuliza, wangecheka, wangefunga mradi. Damu ikiibwa na washamba, mradi unabaki, na yeye angepata muda wa kutafuta mwingine wa kweli. Hakudhani nesi atafungwa. Alidhani polisi wataandika na kusahau, kama kawaida.

"Mama yangu, Athanasie, alifia Katumba," alisema. "Alikuwa na umri wangu huu. Alitembea siku tisa kunivusha, halafu homa ikamchukua kwa siku tatu. Nilitaka iwe kweli, Afande. Kwamba kuna mtu ameishi." Akawatazama wale watu uani. "Kwetu kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe, hakuna anayekaa kwenye jina la mwenzake. Sikujua nilichokuwa nauliza."

Melkiadi alimwonya kisheria, akamwambia yuko chini ya ulinzi kwa taarifa ya uongo na kuharibu ushahidi wa kosa. Alimwonea huruma, na akamchukia, yote mawili kwa wakati mmoja. Funguo za ghala akamrudishia mgambo na kumwambia asimguse nesi tena.

Mzee alikuwa bado ameketi, anahangaika na bangili. Haikutoka. Miaka hamsini na miwili imekaa pale, mkono umenenepa ukasinyaa ukaizoea. Akaomba sabuni. Scolastica, mtu huru sasa, aliingia zahanati akatoka na sabuni na bakuli la maji, akapiga magoti, akamsugua babu yake kiganja kidogo kidogo huku machozi yakidondokea mle bakulini. Shaba ikatoka. Chini yake palibaki duara la ngozi laini, nyeupe kidogo, ngozi ya kijana. Scolastica akaifunga bangili kwenye kitambaa, akampelekea bibi yake, akakaa chini kando yake.

Ndipo Bibi Josefina akaanza kulia. Hakulia kwa kelele. Alilia kama anayesimulia, akitaja alivyoolewa na Isidori mwaka wa arobaini na nane, alivyomzalia, nyumba aliyomjengea, na mawe ya kanisa aliyoyabeba angali kijana na mapadri wa kwanza. Wanawake wakapokea. Waliokuwa mashambani wakasikia, wakaja wakikimbia, wakauliza nani, wakaambiwa.

"Wanamlilia nani?" aliuliza Dakta.

"Mzee wako," Melkiadi alimjibu. "Wa miaka mia na saba."

Mzee alishuka ngazi za baraza, ameshikilia kile kifundo cha mkono kilicho kitupu. Alipita katikati ya wanawake mpaka mbele ya mkewe, akasimama.

"Josefina," aliita.

Bibi akainua uso. Hakumkataa wala hakumkasirikia. Alimtazama kwa heshima ile anayopewa mtu aliyetoka mbali, ambaye mmesikia tu habari zake.

"Karibu, baba," alisema. "Tumefiwa. Wanaume wamekaa upande ule."

Mzee alisimama kidogo pale, kisha akaenda upande ule. Sajenti Melkiadi, aliyekuwa amekwisha kuvua kofia na kukaa mkekani, akasogea kumpa nafasi.